Gari ni lako, lakini ruhusa ya kulitumia anayo nani? Tujadili haki za mnunuzi kwenye magari yanayoendeshwa na programu

Mwenye Kadi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo huwa tunaligusa juu juu kila unapofunguliwa uzi wa magari mapya, kisha tunaliacha. Leo naomba tulikalie. Ukishalipa gari lote, hudaiwi hata senti, kadi ina jina lako, je, kuna mtu mwingine anayestahili kufungia au kuzima kitu kilichomo ndani ya gari hilo?

Ukimuuliza mtu barabarani atakujibu hapana bila kufikiri. Lakini ukifuatilia magari yanavyouzwa sasa hivi, unakuta jibu la watengenezaji ni ndiyo, na wameshaanza kulitekeleza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa viti. Mwaka 2022 BMW waliweka kwenye duka lao la mtandaoni, katika nchi kadhaa, huduma ya kupasha joto viti vya mbele kwa malipo ya kila mwezi. Uingereza ilikuwa pauni 15 kwa mwezi, Korea Kusini karibu dola 18. Watu walikasirika kweli, na tukitazama kiti chenyewe tutaelewa walichokasirikia. Chini ya ngozi ya kiti umelazwa mkeka mwembamba wenye waya unaopata moto umeme ukipita. Pembeni yake kuna sensa inayozuia joto lisipitilize, na chini ya kiti kuna moduli inayopeleka umeme. Ukibonyeza kitufe, ujumbe unasafiri kwenye nyaya za mawasiliano za gari mpaka kwenye kompyuta inayohusika, na kabla umeme haujaachiwa programu inatazama jambo moja kwenye kumbukumbu yake: gari lenye namba hii ya chesi limeruhusiwa? Kama halijaruhusiwa, kiti kinabaki baridi. Basi. Hakuna mtu ofisini anayekupashia kiti, hakuna seva inayochemsha chochote. Umeme unatoka kwenye betri yako, waya umo ndani ya gari lako, na uzito wake unaubeba kila unapoondoka nyumbani.

Mwaka 2023 BMW waliachana na malipo hayo ya viti. Mjumbe wao wa bodi, Pieter Nota, alieleza kwamba wateja walijiona wanalipa mara mbili, ingawa yeye hakukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wengi wakadhani vita imeisha. Haikuisha, ilihamia sehemu nyingine za gari. Novemba 2022 Mercedes-Benz walitangaza Marekani kwamba wenye magari yao ya umeme ya EQE na EQS wanaweza kulipa dola 1,200 kwa mwaka ili gari lichomoke kwa kasi zaidi, mota zikiwa zilezile. Mwaka 2025 Volkswagen wakafanya hivyo Uingereza kwa gari lao la umeme la ID.3: gari lina uwezo wa kilowati 170, unapewa 150, zilizobaki unazikodi kwa pauni 16.50 kwa mwezi au unazinunua moja kwa moja kwa pauni 649. Toyota nao mwaka 2021 walibanwa na waandishi wa habari Marekani baada ya wenye magari kugundua kuwa kitufe cha kuwashia gari kwa mbali, kilichopo kwenye funguo mkononi mwao, kinaacha kufanya kazi muda wa majaribio wa huduma ya mtandao ukiisha.

Lakini linaloninyima usingizi kuliko yote ni hatima ya gari likishabadilisha mikono.

Februari 2020 iliandikwa habari ya Tesla Model S iliyotumika, Marekani. Tesla wenyewe waliipeleka mnadani ikiwa na mfumo wa kujiendesha, muuzaji wa magari akainunua akijua mfumo umo, naye akamuuzia mteja kwa tangazo lililotaja mfumo huo. Kumbe katikati hapo Tesla walikuwa wamepitia kumbukumbu zao na kuuondoa mfumo kwa mbali, kupitia mtandao. Mteja alipouliza akaambiwa hakuulipia, ila anaweza kuununua. Thamani yake ilikuwa dola 8,000. Habari zilipovuma wakamrudishia, wakasema ni mawasiliano yaliyopishana. Sasa jiulize, ni wangapi ambao habari zao hazivumi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusije tukapoteana: haki ya kutumia kilichomo ndani ya gari lazima ifuate gari, isifuate mtu. Kilichofungwa kiwandani, kikauzwa na gari, kikafanya kazi siku ya kwanza, kiende na gari kwa mnunuzi wa pili, wa tatu na wa kumi, mpaka lifike kwenye vyuma chakavu.

Karibuni.

Fundi Waya

Mkuu umegusa panapouma. Mimi ni fundi umeme wa magari, naomba niongezee upande wa gereji, maana wengi wanadhani hili ni suala la starehe za wenye magari mapya tu.

Chukua gari iliyogongwa pembeni mbele, taa imepasuka. Taa za kisasa zina moduli yake ndani inayopanga mwanga ugeuke na kujipunguza usimuumize anayekuja mbele. Mteja anahangaika anapata taa nzima, imetolewa kwenye gari ya modeli ileile iliyogongwa nyuma. Naifunga. Boliti zimekaa, plagi imeingia, pengo kati ya taa na boneti liko sawa kabisa. Nawasha. Taa inatoa mwanga wa chini tu, haigeuki, na dashibodi inaleta onyo. Kwenye baadhi ya magari moduli ya taa inakumbuka namba ya chesi ya gari iliyotoka, kwa hiyo gari hii inaikataa.

Kuiandikia namba mpya ni kazi fupi sana. Lakini mashine yangu ya kupimia inafika kwenye lango la usalama la gari na kukwama hapo. Kusoma makosa naruhusiwa, kuandika siruhusiwi mpaka niingie kwenye seva ya mtengenezaji kwa akaunti ambayo kwanza anikubalie, pili nimlipe. Taa ni ya mteja, gari ni ya mteja, mashine ni yangu, na bado tunamsubiri mtu wa tatu.

Niseme ukweli, kuna sehemu sina ugomvi nazo. Kompyuta inayotambua funguo ili gari isiibiwe, mifuko ya hewa, breki, hizo zilindwe. Hata kuoanisha baadhi ya vipuri na gari kunapunguza wizi wa vipuri, hilo nimeliona. Ninachopinga ni mwenye mali kutokuwa na njia yoyote ya kuthibitisha kuwa mali ni yake akafunguliwa.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma kwa makini, na nitapingana nanyi kidogo kwa heshima.

Kiwanda kinachotengeneza kiti cha aina moja kinaokoa fedha nyingi kuliko kinachotengeneza viti vya aina nne. Mikanda ya nyaya inapungua aina, makosa ya kufunga yanapungua, ghala linapungua, majaribio ya kupata vibali yanapungua. Wakati mwingine ni nafuu kuweka waya wa joto kwenye viti vyote kuliko kuviacha baadhi. Sasa aliyenunua toleo la bei ya chini, akiujua ukweli huo, ana haki gani ya kudai kitu ambacho hakukilipia? Alikubali gari bila kiti cha joto, akalipa bei ya gari bila kiti cha joto.

Vilevile kuna faida kwa mnunuzi wa pili. Zamani ukinunua gari lisilo na kamera ya nyuma au mfumo wa kushikilia mwendo, kuvifunga baadaye ilikuwa gharama na nyaya kukatwakatwa. Leo analipia, anawashiwa dakika hiyohiyo. Hilo nalo tulihesabu.

Mwenye Kadi

Mzee wangu shikamoo, na ahsante kwa kuja na hoja.

Nakubali kuhusu viwanda. Sina tatizo na mtu kuuza gari lenye uwezo ambao haujafunguliwa, akasema wazi siku ya mauzo, akapunguza bei, na akaweka njia ya kuununua mara moja ikaisha. Hao Volkswagen niliowataja, angalau wanaolipa pauni 649 kwa mkupuo wanaambiwa uwezo huo unabaki na gari hata likiuzwa. Hapo mtu anajua ananunua nini.

Tatizo langu linaanza pale njia pekee inapokuwa kukodi. Na hapa nina kipimo ambacho naona kinatosha kwa sehemu kubwa ya mabishano haya: kata mtandao. Peleka gari mahali pasipo na mawimbi kabisa, kisha uulize kitu hiki kinahitaji nini ili kifanye kazi. Ramani yenye foleni za muda huohuo inahitaji seva, watu na data mpya kila dakika, kwa hiyo kuilipia kila mwezi ni haki. Kupiga simu ya dharura kupitia kituo chao, sawa. Lakini joto la kiti, nguvu ya mota, magurudumu ya nyuma kukata kona zaidi, mwanga wa taa, vyote hivyo vinamalizikia ndani ya gari. Kampuni haitoi huduma yoyote mwezi huo. Inatoza kwa kutokukufungia.

Na kuhusu kubeba usichoruhusiwa kutumia, kumbukeni kimbunga Irma, Septemba 2017. Watu wa Florida walikuwa wanakimbia, na Tesla waliongeza umbali wa kwenda kwa baadhi ya Model S na Model X zilizouzwa kama za kilowati-saa (kWh) 60 huku betri iliyo ndani ni ya kWh 75. Waliongeza kwa mbali, kwa muda, bila malipo. Walifanya jambo jema, na nawasifu kwa hilo. Lakini siku ile ndipo watu wengi walipofahamu kwamba chini ya sakafu ya gari lao kulikuwa na akiba ya umeme waliyokuwa wakiivuta kila siku bila kuweza kuitumia wasipoilipia zaidi, na kwamba funguo yake haikuwa mikononi mwao hata wakiwa wanakimbia kuokoa maisha. Hisani ikishapita, akiba ile ilifungwa tena.

Msoma Mikataba

Niingie upande wa sheria maana naona hapa ndipo kila kitu kilipofichwa.

Unaponunua gari unapata vitu viwili vyenye hadhi tofauti. Chuma unauziwa. Programu unapewa leseni. Na leseni ni ruhusa, ina masharti, na mara nyingi inasema haihamishiki. Mwaka 2015 huko Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilipokuwa inapokea maoni kama wenye magari na matrekta waruhusiwe kuvunja kufuli za programu ili kutengeneza mali zao, John Deere waliandika kwamba mwenye trekta ana leseni isiyoandikwa ya kuliendesha kwa maisha yote ya trekta hilo. Someni tena. Mkulima aliyelipa trekta anaambiwa ana leseni ya kuliendesha. General Motors nao walipinga ruhusa hiyo.

Sheria iliyokuwa inabishaniwa ni ya mwaka 1998, inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali hata kama kilicho nyuma ya kufuli ni mali yako. Mwishoni mwa 2015 msamaha ulitolewa kwa wenye magari, na mwaka 2018 ukapanuliwa ili fundi naye aweze kufanya kazi hiyo kwa niaba ya mwenye gari. Lakini msamaha huo unaombwa upya kila baada ya miaka mitatu, na haumlazimishi mtengenezaji kukupa funguo. Unasema tu kwamba ukifanikiwa kufungua mwenyewe, sheria hiyo haitakushika.

Upande wa kuuza tena kuna hukumu mbili za kuzijua. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Kirtsaeng iliyohusu vitabu, iligusia magari waziwazi: kama mwenye hakimiliki angeweza kuzuia uuzaji wa pili, mtu asingeweza kuuza gari lake bila idhini ya kila mwenye programu iliyomo ndani. Majaji waliona hilo haliwezekani. Kabla yake, mwaka 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kesi ya UsedSoft iliamua kwamba ukilipia programu kwa leseni isiyo na kikomo cha muda, huo ni uuzaji, na mwenye programu hawezi kukuzuia kuiuza tena.

Sasa tazameni ujanja ulipo. Hukumu ya UsedSoft inahusu leseni isiyo na mwisho. Malipo ya mwezi yana mwisho kila mwezi. Kampuni inapoacha kuuza na kuanza kukodisha, inakwepa kabisa kanuni inayomlinda mnunuzi wa pili. Ndiyo maana namuunga mkono mwanzisha uzi: hesabu ya pauni 15 ni ndogo, haki inayopotea ni kubwa.

Fundi Waya

Msoma Mikataba, kuhusu lile lango nililolalamikia, hakuna kesi?

Msoma Mikataba

Ipo, na ni ya kuwatia moyo mafundi. Oktoba 2023 mahakama hiyohiyo ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni za matengenezo ya magari A.T.U. na Carglass dhidi ya FCA Italy, watengenezaji wa Fiat. FCA walikuwa wanamtaka fundi wa nje ajisajili, alipie, na mashine yake iunganishwe na seva zao kabla ya kuandika chochote kwenye gari. Walijitetea kwa usalama wa kimtandao. Mahakama ikasema kanuni ya 2018 inayosimamia vibali vya magari imeshaorodhesha masharti yanayoruhusiwa, na mtengenezaji hawezi kujiongezea ya kwake.

Na tangu tarehe 12 Septemba 2025 Sheria ya Data ya Ulaya imeanza kutumika. Mwenye kifaa kilichounganishwa na mtandao, gari likiwemo, ana haki ya kupata data ambayo matumizi yake yanaizalisha na kuagiza apewe mtu mwingine, mfano fundi wake.

Marekani mapambano yanakwenda jimbo kwa jimbo. Massachusetts walipiga kura mwaka 2012, asilimia 86 wakataka haki ya kutengeneza. Watengenezaji wakahamishia taarifa kwenye mawasiliano ya mtandao ambayo sheria ya kwanza haikuyabana, wananchi wakapiga kura tena 2020, asilimia 75 wakakubali. Watengenezaji wakaenda mahakamani mwezi huohuo, na kesi ikakaa mpaka Februari 2025 jaji alipoitupa. Maine nao walipitisha yao 2023 kwa asilimia 84. Nimetaja kwa urefu kwa sababu inaonyesha jambo: watu wakiulizwa moja kwa moja, hawagawanyiki.

Dereva Mtulivu

Wadau mimi naogopa upande mmoja. Mkifungua kila kitu, wahalifu nao watafungua. Mwaka 2015 si watafiti wawili waliingia kwenye Jeep Cherokee kwa mbali ikiwa barabarani, wakaizima mwendo, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa? Familia yangu inapanda hilo gari. Afadhali kampuni ishike funguo.

Mwenye Kadi

Ndugu yangu, hofu yako ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Ila hebu tuitazame kesi yenyewe. Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep kupitia mfumo wa redio uliounganishwa na mtandao wa simu. Mlango ule uliwekwa na kampuni, na walioutangaza ili ufungwe ni watu wa nje waliochunguza gari kwa mikono yao. Kampuni pekee kuwa na funguo hakukuyafanya magari yawe salama. Yalipata usalama baada ya watu wengine kuangalia.

Halafu kuna jambo la mwaka huohuo wa 2015 ambalo naliona ni zito kuliko lote tulilozungumza hapa. Julai mwaka ule, katika ule mchakato alioueleza Msoma Mikataba, Shirika la Mazingira la Marekani liliandika kupinga wenye magari kuruhusiwa kugusa programu, likihofia wataharibu mifumo ya kudhibiti moshi. Hofu yenye maana kabisa. Miezi miwili baadaye, Septemba 18, shirika hilohilo liliwatangazia Volkswagen kwamba wamevunja sheria. Ndani ya programu ya injini zao za dizeli kulikuwa na maagizo yanayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, yanapunguza moshi, na likirudi barabarani yanauachia. Duniani kote yalikuwa magari kama milioni 11. Wakati tunajadili kama mwenye gari ataichezea programu, mwenye funguo alikuwa ameshaichezea, kwa miaka, na kufuli zile zile zikazuia watu wasione. Waliomkamata walikuwa wanapima moshi kwenye bomba la nyuma, barabarani.

Sidai kila mtu afungue programu ya breki na kuandika anavyotaka. Kubadilisha vitu vinavyohusu usalama na moshi kubaki chini ya sheria za barabarani na vibali, hilo nalikubali. Lakini ulinzi wa usalama usitumike kama kisingizio cha kuuza ruhusa. Kiti kikipata joto hakuna anayegongwa.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba kijana wangu, na hapo umenipata. Hoja ya moshi sikuwa nimeiunganisha na hii.

Niulize kitu kinachonitatiza kama mtu wa hesabu. Kampuni ikifilisika je? Leseni inabaki kwa nani?

Mwenye Kadi

Mzee, swali hilo limeshajibiwa na maisha, na jibu lake linasikitisha. Fisker, kampuni ya Marekani iliyouza magari ya umeme aina ya Ocean, ilifilisika Juni 2024. Walionunua magari yale walibaki na gari lililolipiwa ambalo masasisho yake, programu yake ya simu na uchunguzi wa hitilafu vyote vilitegemea seva za kampuni isiyokuwepo. Wamiliki wakaunda chama chao ili wasaidiane vipuri na programu. Kuna kampuni ya kukodisha magari, American Lease, iliyokubali kununua takriban magari 3,000 yaliyobaki kwenye ufilisi huo. Oktoba mwaka ule wakaambiwa kwamba kuyahamisha magari hayo kutoka kwenye seva za Fisker kwenda seva nyingine haiwezekani kiufundi. Ikabidi wakae tena mezani kutafuta namna ya seva kuendelea kuwashwa. Hao ni wanunuzi wakubwa wenye mawakili. Mtu mwenye gari moja angekaa meza gani?

Na si lazima kampuni ife. Mwaka 2022 mitandao ya simu ya 3G ilipozimwa Marekani, magari mengi yaliyojengwa kwa 3G yalipoteza huduma za mtandao. Baadhi yalipata kifaa cha kubadilisha, mengine hayakupata chochote. Gari linaweza kuishi miaka 20. Seva na mitandao ya simu haina ahadi hiyo, kwa hiyo kitu kisichohitaji seva kisifungwe kwenye seva.

Kungekuwa na sheria ninayoweza kuiandika mimi, ingekuwa fupi. Muuzaji ataje kwenye mkataba kila kitu kilichofungiwa na muda wa kila ruhusa. Kilicholipiwa kwa mkupuo kiandikwe kwenye namba ya chesi na kihame na gari bila ada. Seva ikizimwa, kitu kibaki kimefunguliwa. New Jersey mwaka 2022 uliletwa muswada wa kuzuia malipo ya kila mwezi kwa vitu ambavyo vifaa vyake vimeshafungwa kwenye gari na havigharimu kampuni kuviendesha, kwa hiyo wazo hili siyo la kwangu peke yangu.

Nywila Mpya

Nimejiunga humu kwa ajili ya uzi huu. Mwezi uliopita nilinunua gari lililotumika, kampuni siitaji. Siku ya kulijaribu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi: kamera za pande zote, kujiegesha lenyewe, kufungua milango kwa simu. Wiki iliyofuata muuzaji akaiondoa akaunti yake, na kwenye skrini vitu vitatu vikageuka kijivu. Nikibonyeza, inatokea alama ya duka. Kamera ninaziona kwa macho kwenye vioo vya pembeni, ziko pale, nazioshea maji kila ninapoosha gari. Muuzaji ananiapia kwamba hakujua, na ninamwamini. Nifanye nini, na wengine wafanye nini wasifike nilipofika?

Mwenye Kadi

Pole sana. Kilichokupata ndicho kilichonisukuma kufungua uzi huu.

Kwako wewe, anza na karatasi. Mwombe muuzaji wa awali risiti au orodha ya vifaa iliyotoka kiwandani kwa namba yako ya chesi. Kama vitu vile vilikuwa sehemu ya gari jipya au vililipiwa kwa mkupuo, waandikie kampuni kwa maandishi, siyo kwa simu, ukitaja namba ya chesi, tarehe ya mauzo ya kwanza na kitu kilichoondolewa, na uwaulize ni kipengele gani cha mkataba kinachowaruhusu kukiondoa. Mara nyingi hapo ndipo mtu wa huduma kwa wateja anapopandisha suala kwa aliye juu yake. Kama vilikuwa vya kukodi kwa mwezi, utabaki na muuzaji wako. Tangazo lake lilivitaja? Likivitaja, alikuuzia kitu ambacho hakuwa nacho, hata kama hakujua, na mamlaka za kulinda walaji zinalielewa hilo.

Kwa wengine wanaokwenda kununua: gari lijaribiwe baada ya akaunti ya muuzaji kuondolewa, kamwe lisijaribiwe kabla. Kaa kwenye kiti cha dereva, muuzaji aingie kwenye simu yake aondoe gari, subiri skrini ijisasishe, kisha bonyeza kila kitu kimoja kimoja. Fungua menyu ya duka la gari uone kila huduma inaisha lini, upige picha. Kwenye hati ya mauziano andika vitu hivyo kwa majina.

Fundi Waya

Naongezea moja hapo kwa mkuu. Baada ya akaunti kutolewa, zimeni gari, fungeni milango, ondokeni karibu nayo mpaka kompyuta zilale, ndipo mrudi kuijaribu. Kuna magari yanashikilia ruhusa ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka yazungumze tena na seva, kwa hiyo yatakuonyesha kila kitu kinafanya kazi siku hiyo na kukugeuka baadaye. Hakikisha pia gari ina mawimbi ya mtandao wakati wa jaribio hilo. Na Nywila Mpya, ukishapata ile orodha ya kiwandani iweke hapa, uifiche namba ya chesi, tuisome pamoja.

Nywila Mpya

Ahsanteni sana wakuu. Muuzaji amekubali kunitafutia risiti zake za mwanzo. Nikizipata nazileta.